Reli za Droo ya Hansa

Droo ilipoanguka, Nurjehan alikuwa ghorofani akikunja mashuka. Alisikia kishindo, kisha sufuria moja ikijizungusha sakafuni, kisha kimya. Kimya hicho ndicho kilichomshusha ngazi mbio, viatu akaviacha juu.

Alimkuta Hansa amekaa chini jikoni, mgongo kwenye jokofu, unga wa dengu umemwagikia sari mpaka magotini. Droo kubwa ya kushoto, ile ya vyombo vizito, ilikuwa imechomoka nzima na kumwangukia mguu. Jiwe lake la kusagia viungo lilikuwa limelala karibu na mlango, mbali na mahali lilipotoka.

"Usiingie pekupeku," Hansa alisema kwa sauti ya chini. "Chupa ya achari imevunjika. Nimeisikia."

"Mguu wako je?"

"Mguu wangu upo. Wewe vaa viatu kwanza."

Hospitali walisema mifupa miwili ya wayo imevunjika, wakamfunga plasta. Jua halijazama Pravin, mtoto wa pekee wa Hansa, akawa amefika kutoka Leicester. Pravin alizaliwa London. Kiswahili alikielewa chote, ila kujibu alijibu kwa Kiingereza. Alisimama jikoni akaitazama ile droo iliyoegemezwa ukutani, akatazama kabati lililobaki wazi kama kinywa kilichong'olewa meno.

"Masi," alimwambia Nurjehan, maana alimwita mama mdogo tangu zamani, "sikulaumu. Lakini mama haoni. Hawezi kukaa nyumba ambayo vitu vinamwangukia."

Kesho yake akamchukua. Hansa alikaa kiti cha nyuma cha gari, mguu ameunyoosha juu ya mto, uso ameugeuzia upande ambao si wa Nurjehan, kwa kuwa hakujua Nurjehan amesimama wapi. Nurjehan alikuwa amezunguka gari mara mbili akikagua milango.

Wanawake hao wawili walikulia mtaa mmoja Kiponda, Unguja. Hansa alikuwa binti wa sonara wa Kihindu, Nurjehan binti wa muuza vitambaa Mwislamu, na kati ya nyumba zao palikuwa na kichochoro ambacho mtu angeweza kumpa mwenzake bakuli dirisha kwa dirisha. Yalipokuja Mapinduzi, familia ya Hansa ilihamia Dar es Salaam, kisha ikaondoka kabisa. Ya Nurjehan ikafuata njia yake. Hawakuonana tena mpaka walipokuwa wake za watu, hapa London, siku ambayo Nurjehan aliingia dukani Queensbury akasikia mwanamke anamgombeza muuza mboga kwa Kiswahili cha Unguja bila kujijua, kisa mbaazi zimeoza. Aliijua ile sauti kabla hajamwona mwenyewe.

Waume zao, Firoz wa Nurjehan na Chaman wa Hansa, walifuatana: Firoz alikwenda kwenye msiba wa Chaman, na mwaka uliofuata akafa naye, Chaman hayupo wa kuja kwake. Macho ya Hansa yalikuwa yameanza kufifia kwa presha ya macho. Pravin kazi yake ilikuwa Leicester. Binti wa Nurjehan alikuwa ameolewa Kanada. Ndipo Nurjehan akamwambia Hansa, "Njoo tukae pamoja. Nyumba yangu kubwa, na mie siwezi kula peke yangu."

Hansa hakula nyama, na vyombo vyake havikuchanganywa na vya mtu. Hilo Nurjehan alilijua tangu wakiwa watoto na halikumpa taabu. Taabu ilikuwa makabati. Ya milango, yale ya zamani, yalimpiga Hansa kipaji cha uso kila yalipoachwa wazi, na kitu kilichokuwa nyuma kabisa hakukifikia mpaka apige magoti na kupapasa. Nurjehan akaamua kutia droo kubwa mbili chini ya meza ya jiko, moja kila upande wa jiko la gesi: ya kushoto ya Hansa, ya kulia yake. Wao waliziita watoto wa meza, kama walivyozoea kwao. Mtoto wa meza unamvuta, na kila kilichomo kinakujia mkononi.

Kazi alimpa Harjit, Singasinga aliyekulia Moshi, mwenye karakana yake ya makabati. Harjit aliuliza ndani mtawekwa nini. Akasema reli imara zipo lakini ziagizwe, zingojewe kidogo. Nurjehan hakuweza kungoja. Hansa alikuwa anakuja Jumamosi. "Tia hizo ulizonazo garini," alisema, na Harjit akatia.

Ndivyo alivyokuwa Nurjehan. Tangu msichana walimwita kiguu na njia. Alianza chai kabla mgeni hajabisha hodi, na aliondoa kikombe kabla mgeni hajakimaliza.

Sasa nyumba ilikuwa tupu naye hakuwa na pa kuiweka miguu yake. Aliosha madirisha yaliyokuwa safi. Alitoka kwenda dukani akasahau alichokifuata, akarudi, akatoka tena. Alikaa kwenye kiti cha Hansa akanyanyuka. Hatimaye akampigia Harjit simu.

Harjit alikuja akapiga goti mbele ya kabati. Alitoa reli iliyopinda akampa Nurjehan aishike. Ilikuwa bati jembamba lenye kigurudumu cha plastiki mwishoni, na kigurudumu kimoja kilikuwa kimepasuka.

"Hizi ni za vijiko na vitambaa, dada," Harjit alisema. "Mlitia mawe."

"Jiwe moja tu."

"Jiwe moja, tawa la chuma la kuchomea chapati, unga, dengu, mchele. Na aliyevuta alivuta kwa nguvu. Tazama skrubu, zimetoka na ubao."

Nurjehan aliigeuza reli mkononi. Alitaka Harjit aseme kosa ni la nani, ili ajue amkasirikie nani, lakini Harjit hakusema. Alikuwa anapima upana wa kabati.

"Nataka zile zitakazobeba mtu," Nurjehan alisema.

"Nani ataingia kwenye droo?"

"Hakuna. Lakini nataka zimbebe."

Siku mbili baadaye walikwenda Park Royal, kwenye ghala la vifaa vya makabati. Palikuwa na ukuta mzima wa droo za mfano, zimepangwa toka chini mpaka juu, kila moja na reli ya aina yake. Nurjehan alianza kuzivuta. Alivuta moja, akaisukuma, akavuta nyingine. Zile zilizofichwa chini ya droo zilimfurahisha mwanzoni: ukisukuma kidogo, droo inajirudi yenyewe polepole na kufunga bila sauti, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala.

"Hizi ndizo wanazotaka watu wote sasa," Harjit alisema. "Hazibani vidole. Na zile nzito za aina hii zinabeba vizuri."

"Zinatoka mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho. Hakuna kitu kinachobaki nyuma gizani."

Nurjehan aliivuta tena. Kisha akaweka viganja vyake viwili juu ya ukingo wa droo iliyo wazi, akainua visigino, akaegemeza uzito wake wote. Msichana wa ghala alikuja mbio akisema mama, tafadhali. Droo iliinama kidogo, haikuanguka.

"Imeinama," Nurjehan alisema.

"Hata daraja linainama, dada."

Kulikuwa na nyingine, za pembeni, chuma kinene chenye safu za gololi ndani. Hizo hazikuwa na uzuri. Zilionekana pande zote mbili, zilikuwa na grisi, na zilipofika mwisho ziligonga: ta! Nurjehan aliegemea moja ya hizo pia, msichana akafumba macho. Hiyo haikuinama.

"Hii ni ya karakana," Harjit alisema. "Watu wanawekea misumeno na mashine. Jikoni itapiga kelele asubuhi mpaka jioni."

Nurjehan alisimama katikati ya zile aina mbili, akifungua huku na kufunga kule. Harjit alikwenda kununua vitu vyake vingine, akarudi, akamkuta bado. Ile ya kimya ilikuwa nzuri kwa mtu anayeona. Lakini Hansa angejuaje kama imefunga, au imebaki wazi inangoja goti lake? Na ile ya kelele, ingembana vidole? Alikwenda mpaka mlangoni, akarudi. Mwisho akatoa simu akampigia Hansa palepale, kati ya masanduku ya bawaba.

"Shoga, mguu vipi?"

"Unaniwasha ndani ya plasta. Uko wapi? Nasikia forklifti."

"Sikiliza. Mtoto wa meza unataka alie au anyamaze?"

"Nini?"

"Nakusikilizisha. Subiri." Nurjehan aliiweka simu karibu na droo ya kwanza akaifunga. Hakikusikika kitu. Akaisogeza kwenye ya pili, akaisukuma. Ta! "Umesikia?"

Hansa alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza Nurjehan kumsikia akicheka tangu siku ile. "Alie," alisema. "Mie mtu wa kiza sasa. Kisichosema sikijui kama kipo."

"Basi tunachukua anayelia."

"Nuru," Hansa alisema, "Pravin ananitengenezea chumba cha chini. Kimeshapakwa rangi. Kina maliwato humo humo, sipandi ngazi."

"Chumba kizuri?"

"Sijui. Wanasema rangi ya malai, ule utando wa maziwa."

Nurjehan alisema vizuri, akasema salamu kwa Pravin, akakata. Harjit alikuwa anamtazama.

"Tuagize au tusiagize?" aliuliza.

"Agiza," Nurjehan alisema. "Pande zote mbili."

Hakujua kwa nini amesema hivyo. Alijua tu kwamba akirudi nyumbani mikono mitupu atazunguka zunguka ile nyumba mpaka aanguke.

Reli zilipokuja, kumbe reli peke yake haitoshi. Harjit alieleza kwamba zile kuta za kabati ni vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi. Skrubu ikivutwa mara mia inatoka na konzi ya unga. Ikabidi atie kuta mpya za plaiwudi nene ndani ya kabati, na droo zenyewe aziunde upya, sakafu yake nene pia, maana reli imara chini ya droo dhaifu ni kazi bure. Nurjehan alimsimamia kichwani. Alimshikia pima maji bila kuombwa. Alimwuliza kila alichokifanya kabla hajakimaliza kukifanya.

Droo ya kushoto iliingia, ikatembea hadi nusu, ikakwama.

"Imekwama," Nurjehan alisema.

"Nimeona, dada."

"Reli hii iko juu kuliko ile."

"Nimeona."

"Itoe."

Harjit aliweka bisibisi chini. Alikuwa mtu mpole, lakini shingo ilikuwa imemwiva. "Dada Nurjehan, hili ni jiko, si bandari ya Dar es Salaam. Na mimi si mtoto wako. Nenda nje ukanywe hewa, nikimaliza nitakuita."

Nurjehan alikwenda bustanini akasimama kando ya mapipa ya taka. Alikasirika, akatukana kimoyomoyo, kisha hasira ikamwisha akabaki na kile kilichokuwa chini yake. Ndani ya nyumba alisikia Harjit akitoa reli, akipima, akiirudisha, bila haraka, akiimba kitu cha kwao. Alipoitwa, droo ilitoka kwa kidole kimoja.

Kwa siku kadhaa zilizofuata aliijaza na kuifungua, akaifunga, akaifungua. Alitia jiwe la Hansa, tawa, kibao cha chapati, magunia madogo ya mchele ambayo hayakuwa na haja ya kuwemo. Margaret, jirani wa upande wa pili wa ukuta, alibisha kuuliza kama kuna fundi bado. Nurjehan alisema hapana, ni yeye.

Jumapili moja Pravin alimleta mama yake. Alisema mlangoni, kwa Kiingereza na kwa upole, kwamba wamekuja kuchukua nguo zake na dawa, na masanduku ameyaacha wazi garini. Nurjehan alimkumbatia Hansa, akamshika kiwiko, akamwambia angalia kizingiti, akamwambia zulia, akamwambia kiti kiko kulia.

"Najua kiti kiko wapi," Hansa alisema.

Plasta ilikuwa imetoka. Alivaa kiatu kikubwa cha hospitali na kushika mkongojo. Hakwenda kwenye kiti. Alikwenda jikoni, mkono ukifuata ukingo wa meza mpaka kushoto kwa jiko la gesi. Aliushika mpini, akavuta. Droo ilikuja yote, nzito na nyepesi kwa pamoja, ikasimama. Nurjehan alikuwa ameshapiga hatua mbili mbele, mikono imenyooka, tayari kuidaka.

Hansa aliinama. Vidole vyake vilipita juu ya kila kitu hadi ukuta wa nyuma wa droo. Aliegemea ukingo kwa kiganja, kwanza kidogo, kisha sana. Akasukuma. Ta!

"Huyu kweli ni mtoto," alisema. Kisha akaifungua tena. "Lakini nani kaweka tawa juu ya kibao? Na magunia haya ya nini? Na jiwe mbona liko mbele?"

"Nitapanga mie, kaa wewe, mguu—"

"Nuru."

Nurjehan alishusha mikono. Pravin alikuwa mlangoni.

"Nikwambie kitu usikasirike," Hansa alisema. Hakuugeuza uso, mikono yake ilikuwa bado ndani ya droo. "Siku ile nilimvuta yule mtoto wa meza kwa pupa. Alikuwa amekwama kidogo, nikamvuta kwa mikono miwili. Unajua kwa nini? Nilikusikia juu unakunja mashuka. Nikasema moyoni, nina dakika chache za kupika kitu kabla Nuru hajashuka kuninyang'anya mwiko."

Nurjehan alishika ukingo wa meza.

"Tangu macho yaondoke hujaniacha nikate hata kitunguu. Nikisimama, umesimama. Nikikohoa, maji haya hapa. Shoga yangu, hunipi kukaa wala kusimama. Leicester napo ni hivyo hivyo, mke wa Pravin ni mtoto mwema, ananivalisha soksi. Nikawaza, kama ni kukaa kama mgonjwa, bora nikae palipo na maliwato chini."

"Nilikuwa naogopa," Nurjehan alisema.

"Unaogopa nini?"

"Kwamba utaondoka."

Pravin alitazama simu yake, kisha akaiweka mfukoni.

Hansa alinyoosha mgongo. "Mna mbaazi nyumba hii?"

"Za kopo. Na tui la kopo."

"Basi kaa pale kwenye kiti. Na usinyanyuke mpaka nikwambie."

Nurjehan alikaa. Alijikalia mikono, kila kiganja chini ya paja lake, kama mtoto aliyekatazwa. Mwenzake alianza kwa kuipanga droo upya, kila kitu kwa mahali pake, jiwe nyuma, kibao ubavuni, magunia akamkabidhi Pravin ayatoe nje. Alikata vitunguu polepole, vidole amevikunja mbali na kisu. Kipande kimoja kilianguka chini, Nurjehan akakiona, akakitazama, akabaki ameketi. Mafuta yalipata moto kupita kiasi. Nurjehan alisikia kabla Hansa hajasikia, mwili mzima ukamvuta kuelekea jiko. Akauma mdomo. Hansa alipunguza moto mwenyewe. Alikwenda kulia akarudi kushoto, akafungua, akafunga, ta, akafungua, ta, na mara moja alijipiga goti kwenye mkongojo wake mwenyewe akalaani kwa Kigujarati. Nurjehan machozi yalimtoka, hakuweza kuyafuta kwa kuwa mikono alikuwa ameikalia.

Pravin alikaa naye mezani. "Masi," alimwambia kwa sauti ndogo, na safari hii kwa Kiswahili chake kilichovunjika vunjika, "hata mimi sijui kukaa."

Chakula kilipokuwa tayari Hansa aliwapakulia mwenyewe, akipima ukingo wa sahani kwa kidole gumba. Mbaazi za nazi, wali, na ndimu. Pravin alikula bila kuinua kichwa. Nurjehan aliweka kijiko mdomoni. Siku nyingine yoyote angenyanyuka, angetia maji, angekamua ndimu kwenye sufuria, angesema kitamu sana.

"Chumvi imezidi," alisema.

"Imezidi," Hansa alikubali, akitafuna. "Mkono umesahau. Kesho nitapunguza."

Pravin aliacha kula. Alimtazama mama yake, akamtazama Nurjehan.

"Kesho?" aliuliza.

"Mpaka Diwali," Hansa alisema. "Diwali nitakuja kwenu, nitalala kwenye chumba chako cha rangi ya malai, watoto wako waniwashie taa. Baada ya hapo tutaona. Na Nuru akirudia mambo yake, utanifuata siku hiyo hiyo."

Nurjehan hakulipenda lile neno, tutaona. Lilimkaa kifuani kama mwiba wa samaki, na alijua litamkaa hapo mwezi baada ya mwezi, kila simu ya Leicester itakapolia. Lakini alisema sawa. Pravin alikwenda kufunga masanduku garini, kisha akarudi kuomba wali zaidi, na Hansa ndiye aliyenyanyuka kumpakulia.